Mwaka wa Ya na Za

Bi Mwanaidi tulimzika Kihurio mwezi uliopita, na mimi, ambaye misibani huwa ndiye wa kuhesabu vikombe na kuwafokea wanaomimina chai kabla haijachemka, siku hiyo nilikaa mkekani na kitunguu mkononi nikashindwa kukimenya. Wajukuu zake walikuwa wakinitazama kwa pembeni. Nilimsikia mmoja akimuuliza mama yake, "Huyu bibi wa mlimani ni nani wetu?" na mama yake akajibu, "Alikuwa mpangaji wa bibi yako, zamani, kule Same." Ni kweli, nilikuwa mpangaji. Alasiri, watu walipoanza kupungua, akaja mzee mmoja mwenye kipara, kofia kaishika mkononi, akasimama mbele yangu, na bila hata salamu akasema, "Nakunda, dole gumba lako bado linavunja mikataba?" Nilimtambua kwa sauti. Sospeter, fundi redio. Tulicheka mpaka nikaona haya mbele ya wafiwa, na tangu siku ile mwaka wetu ule umenirudia wote, na chumba chake, na harufu yake ya vumbi na wali.

Habari za kwetu milimani sitazisimulia, kila mtu ana kwao. Naanzia Same, kwenye chumba cha uani kwa Bi Mwanaidi, nikiwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha uhazili ambacho nilikilaza chini ya godoro kisije kikaliwa na mende. Ukuta ulikuwa wa tofali za saruji usiopigwa lipu, dirisha la wavu, na msumari mmoja uliobeba magauni yangu yote matatu. Upepo wa Same ukianza mchana unaleta vumbi mpaka ndani ya kopo la sukari, kwa hiyo kila kitu kilikuwa na kifuniko, hata vifuniko vyenyewe vilifunikwa. Bi Mwanaidi alikuwa mama lishe karibu na stendi. Mchana aliwalisha madereva wa malori, jioni akatulisha sisi wa nyumbani, na wali wake ulitoka kwenye majaruba yake mawili ya mpunga kule Kihurio, aliyomwachia mdogo wake wa kiume ayatunze. Mchele wa dukani hakutaka kuusikia. "Huo ni wa wagonjwa," alikuwa akisema, "mtu mzima akila huo analala saa moja." Katika kodi yangu chakula hakikuwemo, lakini sijui siku hata moja aliyopakua akanipita. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, madukani kila kitu kimejaa, sabuni za rangi zote na redio kaseti za Dubai, na mifukoni hakuna kitu. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, mashamba ya mkonge yanafungwa au yanauzwa, na watu wazima waliozoea mshahara walikuwa stendi wanauza mayai ya kuchemsha. Mimi kazi yangu ya ukarani niliishika kwa mikono miwili na meno.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa umwagiliaji, na mratibu wake alikuwa Bwana Elieza, mtu wa haki aliyependa mihuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Tulikuwa na kompyuta moja. Wafadhili wetu Wajerumani walikuwa wameitumia wenyewe mpaka wakaichoka, ndipo wakatuletea, na sisi tukaipokea kama bibi harusi. Ilipewa chumba chake, kikatandikwa kapeti, na kabla ya kuingia sharti uvue viatu, kwa sababu Bwana Elieza alikuwa amesikia habari za virusi vya kompyuta akaamini vinaingia na vumbi la soli. Jioni niliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Kibodi yake ya asili ilivunjika safarini, ikanunuliwa nyingine Moshi, na jamaa aliyekuja kuiunganisha akaongeza mpangilio wa herufi za Kiingereza humo ndani, akala wali, akaondoka. Wa Kijerumani hakuuondoa. Hilo hakutuambia, na hata angetuambia tusingeelewa.

Basi mashine ile ilikuwa na vituko. Maelezo yake yote yalikuwa ya Kijerumani, nikayakariri kwa sura tu: neno refu la tatu ndilo la kuchapisha, fupi la mwisho usiliguse. Vile vipicha vya kwenye skrini, vya kufungulia kazi, asubuhi unavikuta vimerundikana kwenye kona moja, kimoja juu ya kingine, na kukipata cha barua ilikuwa kazi ya robo saa. Saa yake ilirudi nyuma miaka mingi kila umeme ulipokatika, na kwa mgao wa mwaka ule umeme ulikatika kila siku. Ule mstari mnene wa chini ya skrini, wenye kitufe cha kuanzia, ulipotea siku moja nilipokuwa napangusa meza, tukazoea kuishi bila huo kama mtu anavyozoea pengo. Nikiwa katikati ya kuchapa, orodha za maneno zilishuka zenyewe kutoka juu. "Imepandisha mashetani," mhudumu wetu wa ofisi alikuwa akisema, na alikataa kabisa kufagia humo peke yake. Na kituko kikubwa kuliko vyote, mara mojamoja herufi zilibadilishana viti: nabonyeza z inatoka y, nabonyeza y inatoka z, na ile alama ya juu iliyomo kwenye neno ng'ombe inageuka kuwa a yenye nukta mbili kichwani. Baada ya muda inajirudi yenyewe. Kwa kuwa chuoni tulifundishwa kuchapa macho yakiwa kwenye karatasi, na aliyetazama vidole alichapwa rula, mimi niligundua nikiwa nimeshaharibu aya nzima.

Bwana Elieza aliwaandikia wafadhili. Jibu lilikuja baada ya majuma mengi, na salamu za Pasaka: programu kubwa inayoendesha mashine yenu ni ya zamani, wenyewe walioitengeneza hawaihudumii tena, dawa ni kununua mpya. Aliisoma mara mbili, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaitia faili. Nikaona heri nimwendee Sospeter. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi; baba yake aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, na mkonge ulipokufa mtoto akabaki na bisibisi. Kompyuta hakuwa ameigusa maishani mwake. Alivua viatu, akaketi kwenye kapeti, akanitazama nikichapa saa nzima, mpaka nikaanza kumwonea mashaka. Kisha akasema, "Mtu akileta redio namuuliza, ilianza ulipokuwa unafanya nini? Wote wananijibu redio imefanya nini. Mimi sijauliza redio." Akanipa daftari la shule lenye karatasi thelathini na mbili. "Kila ikikufanyia kituko, usiandike imefanyaje. Andika mikono yako ilikuwa wapi." Niliona huu ni ujinga, lakini nikawa naandika, kwa sababu ushauri wake ulikuwa wa bure.

Sasa mkataba. Huko juu milimani kwetu, upande wa Myamba, watu wana ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mifereji waliyoachiwa na babu zao, na kwa maji hayo wanamwagilia tangawizi na maharage. Chini, Kihurio, mpunga unangojea kitakachobaki mtoni. Mwaka ule mvua zilitupita, na wa juu na wa chini wakaanza kutazamana vibaya, ndipo mradi wetu ukawaita kikaoni. Suluhu ilipatikana kirahisi mpaka tukashangaa. Huko juu wengine ni Wasabato, Jumamosi hawashiki jembe. Wengine ni Walutheri, Jumapili hawashiki jembe. Basi siku hizo mbili ndiva zifunguliwe chini, maji yashuke kwa watu wa mpunga. Mzee Mbazi, mwenyekiti wa mifereji ya Myamba, alisema huo ni mkataba ambao hata Mungu angeweka sahihi. Bwana Elieza akaandika rasimu kwa mkono, na kwa kupenda kwake lugha ya ofisi hakutaja Jumamosi wala Jumapili. Aliandika, "siku za mwisho wa wiki."

Niliichapa Ijumaa. Katikati ya ukurasa wa pili herufi zikabadilishana, na mimi macho yangu yako kwenye rasimu. Nilipoinua uso, "kwanza" imekuwa "kwanya", "mwezi" umekuwa "mweyi", ng'ambo ina nukta mbili. Nikapita haraka haraka nikarekebisha kila lililoniumiza macho. Lakini "siku za mwisho wa wiki" ilikuwa imetoka "siku ya mwisho wa wiki", na hilo halikuniumiza macho, kwa sababu ni Kiswahili safi kabisa. Angekuwa Mjerumani ameandika Kijerumani chake, neno lingeharibika likaonekana. Sisi tuna ya na tuna za, zote halali, na kati yake kuna herufi moja tu inayosema kitu ni kimoja au ni vingi. Siku mbili zikawa moja. Jumatatu Bwana Elieza aliusoma mbio mbio kwa sauti ya kanisani, na kila mtu akasikia kile alichokuwa ameshakubaliana nacho. Wakaweka sahihi na dole gumba, muhuri ukapigwa.

Katika mwaka wa kiangazi watu husoma karatasi kwa makini. Haikupita wiki wa juu wakaona imeandikwa siku, si siku mbili, na tangawizi yao nayo ilikuwa na kiu. Kisha likazuka la pili: hiyo siku ya mwisho ni ipi? Wasabato wakasema ni Jumamosi, siku ya saba, imo kwenye Biblia. Walutheri wakasema wiki inaanza Jumatatu, kwa hiyo ni Jumapili. Kule Kihurio Mzee Shabani, mtu wa msikitini, akasema hesabu iko kwenye majina yenyewe: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, ukienda hivyo unaishia Ijumaa. Wakati wanabishana, ndiva zilibaki zimefungwa. Wiki ya kwanza maji yalishuka nusu siku. Wiki ya pili hayakushuka kabisa, na mpunga ulikuwa unaanza kutoa mashuke, wakati ambao ukiunyima maji umeunyima kila kitu. Majaruba mawili ya Bi Mwanaidi yalikuwa humo.

Jioni moja nilikuwa chumbani, taa nimezima kwa ajili ya joto, nikawasikia uani. Mdogo wake Bi Mwanaidi alikuwa amekuja kutoka Kihurio na wenzake wawili, wanakula makande. "Jaruba la chini limeanza kupasuka," alisema. "Dada, wametuzunguka. Mkataba umechapwa na karani wao, mtoto wa Myamba. Unadhani hiyo siku ilijipunguza yenyewe?" Mwingine akadakia, "Na si ndiye huyo unamlaza hapa?" Nilishika wavu wa dirisha. Nilisikia upawa wa Bi Mwanaidi ukigonga sufuria. "Mfukuze, dada. Watu wanasema." Ndipo akasema, "Kula, makande yakipoa yanakuwa mawe." Asubuhi nilimsalimu, "Shikamoo, Bi Mwanaidi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanipa chai ya tangawizi na kitumbua, hakuniuliza lolote. Iliniuma kuliko kama angenitukana. Nilikwenda ofisini nikautoa mkataba kwenye faili, nikausoma taratibu kwa mara ya kwanza, na nilipofika kwenye ile "ya", nikakaa kwenye kapeti.

Nilikimbilia kwa Sospeter. "Rasimu ya bosi iko wapi?" akauliza. "Hiyo ndiyo ushahidi." Swali zuri. Karatasi zilikuwa adimu, na zile zilizokwisha kazi tuliwagawia wauza karanga wa stendi, wanaozisokota kuwa vifuko. Mkataba wa Kihurio na Myamba ulikuwa unaliwa. Siku nne tulinunua karanga kila kifuko tulichokiona, tukafungua, tukasoma, tukatafuna. Tulipata semina ya tangawizi, tulipata ombi la likizo la Bwana Elieza, tulipata nusu ya barua yangu mwenyewe ya kuomba kazi, ina mafuta. Rasimu hatukuiona. Makondakta walianza kusema kwamba mimi na fundi tuna jambo letu, maana hakuna watu wazima wanaokula karanga namna ile bila mapenzi. Nilikaa miaka mingi sijatia karanga mdomoni.

Siku ya tano Sospeter akasema, "Lete daftari." Tukaketi mbele ya mashine, yeye anasoma. Nilikuwa nimeandika kwa hasira, lakini nilikuwa nimeandika: nilikuwa naanza sentensi; nilikuwa naandika jina la kijiji; nilikuwa naandika Bwana; nilikuwa naanza sentensi. "Hizi zote ni herufi kubwa," alisema. "Hebu chapa." Akalala kifudifudi kwenye kapeti, kisha akanyanyua kichwa mpaka pua ikawa usawa wa meza, anatazama vidole vyangu kwa upande. "Hilo dole gumba la kushoto linatafuta nini?" "Linapiga spesi." "Halipigi spesi. Linapiga kitufe cha jirani." Nikatazama vidole, kosa ambalo chuoni ningepigiwa rula. Kwenye mashine ya taipu niliyofundishiwa, spesi, kile kitufe cha kuachia nafasi, ilikuwa ndefu, inakwenda karibu upana wote. Ya hii ilikuwa fupi, na pale dole gumba langu lilipozoea kutua palikuwa na kitufe kingine. Likitua peke yake, orodha zinashuka kutoka juu. Likitua wakati kidole cha mwisho kimeshikilia kitufe cha herufi kubwa, herufi zinahama kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani. Nikavibonyeza viwili pamoja, polepole. Nikachapa za. Ikatoka ya. Nikavibonyeza tena, nikachapa za, ikatoka za. Mashetani yote ya ofisi yalikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto.

"Sasa nani atatuamini?" nikamwambia. "Watasema ni mazingaombwe ya mtoto wa Myamba." Sospeter akawa anaburuza mausi bila mpango, kama anavyozungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni, mpaka kwenye ukingo wa chini kabisa wa skrini, na hapo kile kimshale kikaota vichwa viwili, kimoja juu kimoja chini. Akakishikilia, akavuta juu. Ule mstari mnene uliopotea ukapanda taratibu, na kitufe chake, na saa yake isiyosema kweli, na kando ya saa kijisanduku kidogo chenye herufi mbili: DE. Nikabonyeza vile vitufe viwili. Ikawa EN. Nikabonyeza tena, DE. Muda wote mashine ilikuwa inatuambia iko lugha gani, ila mimi kwa kupangusa kwangu niliburuza mausi nikauzamisha mstari wenyewe chini ya skrini. Sospeter alipiga makofi mara moja tu, akavaa viatu, akaenda kutengeneza pasi ya mtu.

Kikao kiliitwa Alhamisi, asubuhi, kabla umeme haujakatwa. Wazee wa juu na wa chini waliacha viatu vyao mlangoni, malapa na makobazi ya matairi, wakajipanga ukutani kwenye kapeti, na chumba kikajaa joto na miguu. Bi Mwanaidi alikuja na mdogo wake, akasimama nyuma. Niliomba mtu wa Kihurio ndiye anisomee maneno ya kuchapa, ili wasiseme nimepanga. Mzee Shabani akachagua: "Andika, zamu za Kihurio ni mwezi huu wa kwanza, na ng'ombe wasizibe mfereji." Nikachapa macho yangu nikiyaelekeza kwake, na dole gumba nikaliacha lifuate tabia yake. Nilipogeuka, kijisanduku kilikuwa DE, na kwenye skrini zamu zilikuwa "yamu", mwezi ulikuwa "mweyi", na ng'ombe wana nukta mbili. Kicheko kilichotoka humo ndani sijawahi kukisikia ofisini. Mzee Shabani alirudia "yamu ya Kihurio" mpaka machozi yakamtoka. Kisha nikawaonyesha lile neno, nikabonyeza, za ikawa ya, ya ikawa za. Mdogo wake Bi Mwanaidi aliinama mpaka karibu aguse kioo. "Kumbe," alisema.

Hapo ningeweza kuishia. Bwana Elieza alikuwa ameshatoa muhuri wake mfukoni, uso umemchanua, mashine ndiyo mkosaji na mashine haina kwao. Lakini Mzee Mbazi alikuwa bado anatazama skrini. "Mwanetu," aliniambia, "haya mengine yalipoharibika uliyaona, ukayatengeneza. Hili moja kwa nini hukuliona?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilimtazama Bwana Elieza, nikawaza mayai ya kuchemsha ya stendi, na nilikuwa na majibu matatu mazuri. "Sikuusoma upya," nikasema. "Kulinganisha na rasimu neno kwa neno ni kazi yangu, na sikuifanya. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nawahi gari la Hedaru, kulikuwa na mnada wa mitumba nikataka gauni." Sauti yangu niliisikia mwenyewe, ndogo. Hakuna aliyecheka. Mzee Shabani akavuta pumzi, akasema, "Haya. Ile ya mashine nilikuwa siielewi vizuri. Hii ya gauni naielewa." Na Mzee Mbazi akasema jambo ambalo sijui kama angelisema vinginevyo: "Na sisi tulikuwa tunajua siku ni mbili. Tulikuwepo kikaoni. Karatasi ilitufaa, tukajifanya tunaamini karatasi."

Tukauandika upya palepale, Jumamosi na Jumapili kwa majina yao, Mzee Shabani akiwa ananisomea na mdogo wake Bi Mwanaidi akilinda kijisanduku kisihame. Bwana Elieza hakunifukuza. Alinipa barua ya onyo, na kwa kuwa karani nilikuwa mmoja, niliichapa mwenyewe, nikailinganisha na rasimu mara tatu, nikampelekea asaini. Alisoma, akasema, "Hii haina kosa hata moja," nadhani kidogo tu apige muhuri wa pongezi. Sospeter alibandua vitufe viwili vya jirani na spesi, upande huu na huu, akaviweka kwenye droo yake na skrubu zake, na tangu hapo mashine ile ikachapa kama mtu mwenye akili zake mpaka nilipoondoka.

Jumamosi hiyo Bi Mwanaidi alifunga kibanda chake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaniambia, "Twende." Tulifika Kihurio jua likiwa bado la chini. Jaruba la juu lilikuwa na kijani kilichochoka, lakini kijani. La chini lilikuwa limekwisha: nilivunja shuke nikalisugua kiganjani, hamkuwa na kitu ndani, ganda tupu. Tulikaa kwenye kingo, tunangoja. Karibu na adhuhuri tukayasikia maji kabla ya kuyaona, kisha yakaja kwenye mfereji, ya udongo, yanasukuma majani makavu mbele yake. Bi Mwanaidi alinipa jembe. Maisha yangu yote nilikuwa nimefungulia maji juu, kwetu, nikageuka nikaenda zangu nyumbani, wala sikuwahi kuwaza yanakoishia. Nilikata udongo wa kingo, yakaingia kwenye jaruba lililobaki, yakapita katikati ya mashina, mpunga ukatikisika. Nililia, sasa hivi sioni haya kusema. "Bi Mwanaidi," nikamwambia, "hilo la chini nimeliua mimi."

"Najua."

"Nitatafuta chumba kwingine. Watu wanasema."

Alichukua jembe mikononi mwangu, akaziba pengo moja lililokuwa linavuja, akalikanyaga kwa mguu wake mtupu mpaka likashika. "Jaruba moja," alisema, "mwaka mzima, litakuwa dogo. Tutakula kidogo. Sasa na wewe ukihama, hicho kidogo nitakula na nani?"

Tulikula kidogo mpaka mavuno yaliyofuata, na sikuhama.